Jiwe Lililonyooshwa

Kot Lahori
3 Jeth 1967

Dada yangu Basant Kaur, Sat Sri Akal.

Nimefika salama, na ninatunzwa vizuri kupita kiasi. Nilidhani kazi hii itanichukua siku mbili. Lala Kirpa Ram, mkuu wangu katika idara ya mifereji, alinieleza kwa maneno machache: mtaa wa juu na mtaa wa chini wa Kot Lahori wanagombea maji ya mfereji mmoja; nenda kaangalie, andika ripoti, rudi. Mtaa wa juu huchukua maji tangu jua kuchomoza hadi adhuhuri. Mtaa wa chini huyachukua tangu adhuhuri hadi machweo. Usiku una utaratibu wake na hauna ugomvi.

Adhuhuri yao haitoki kwenye saa ya ukutani. Inatoka kwenye jiwe la saa ya jua lililoko uani mwa gurdwara, nyumba ya ibada ya kijiji. Kivuli cha kibati cha shaba kilichosimama juu yake kikigusa mstari wa katikati, Bhai Tahil Singh, msomaji wa gurdwara, hupiga kengele, na mlango wa maji hugeuzwa. Babu zao waliishi hivyo na hakuna aliyelalamika hadi mwaka huu. Sasa mtaa wa chini wanasema jiwe linadanganya. Mtaa wa juu wanasema mwenye kudanganya ni mtaa wa chini.

Nimepewa chumba cha juu nyumbani kwa mkuu wa kijiji, Sardar Jhanda Singh, ambaye ni wa mtaa wa juu. Mama yake, Bebe Raj Kaur, ananilisha kama anayenenepesha fahali wa maonyesho. Asubuhi chapati za samli, mchana chapati za samli, na katikati gilasi ya mtindi yenye tonge la siagi juu yake. Nikisema nimeshiba, ananiuliza, "Mjini mnashiba kwa kunusa?"

Nilitaka kurudi mapema lakini farasi wao alikuwa anachechemea. Farasi alipopona, Sardar akasema njia ya upande wa chini si salama kwa mtu wa serikali. Saa yangu ya mfukoni ameiweka sandukuni mwake isiingie vumbi. Ni mtu mwenye kujali. Barua hii Bhai Tahil ataisoma kwanza kwa sauti mbele yake, kwa kuwa Sardar hakusoma shule na anapenda kusikia uandishi wa watu wa mjini.

Nina furaha. Usije.

Mdogo wako,
Ujagar Singh


Kot Lahori
7 Jeth 1967

Kwa Bibi Basant Kaur, Amritsar.

Mimi Jhanda Singh, mkuu wa Kot Lahori, nakusalimu wewe na nyumba yako. Mkono unaoandika ni wa Bhai Tahil Singh, maneno ni yangu.

Mdogo wako yuko kwetu. Ni kijana mpole. Anakula kidogo, hasemi sana, na akitazamwa anatazama chini. Mama yangu anasema kijana wa namna hiyo ama ni mtakatifu ama ana minyoo, na kwa tahadhari amempa dawa ya minyoo.

Nasikia wazazi wenu hawapo tena na kwamba wewe ndiye mama na ndiye baba yake. Mimi nina binti, Nihal Kaur. Anasoma maandishi ya Gurmukhi. Mikono yake haijui kulala, na ulimi wake vilevile, sitakuficha. Ukoo wetu si ukoo wenu, tumekwisha kuuliza. Nyati wawili wa maziwa watamfuata. Ukikubali, tuma neno lako pamoja na utamu wa kulisindikiza. Usimuulize yeye. Kijana aliyesoma akiulizwa jambo hili hujibu yaliyomo vitabuni.

Habari ya ripoti yake isikusumbue. Mtu hana haraka ya kuandika juu ya nyumba yake mwenyewe.

Jhanda Singh
(alama ya kidole gumba)


Amritsar
11 Jeth 1967

We mwizi mpole!

Kumbe ile "Nina furaha, usije" ilikuwa na maana hii? Mimi nilikaa hapa nikidhani umechomwa na jua hadi huwezi kuandika zaidi ya ukurasa mmoja, kumbe unakunywa mtindi chini ya dari ya baba mkwe! Shemeji yako alicheka hadi kilemba kikalegea. Alisema, "Yule anayeogopa hata mbuzi aliyefungwa, ameposaje?" Nikamjibu kwamba maji yaliyotulia ndiyo yanayozamisha.

Sikukuuliza, kama Sardar alivyoagiza. Nimemwandikia kwamba nimekubali, na nimetuma kapu zima la vitamu vya laddu na kilemba cha rangi ya waridi. Nyumba yenye nyati wa maziwa, bibi mlishaji na mke anayejua kusoma! Mama angekuwa hai angekwenda kwa miguu hadi Kot Lahori akiimba njia nzima.

Sasa usianze kuogopa. Nakujua. Ulipoambiwa umefaulu mtihani wa ukarani ulilala na homa. Hili nalo ni kufaulu.

Dada yako,
Basant


Ofisi ya Mifereji
27 Mei 1910 (14 Jeth 1967)

Karani Ujagar Singh.

Ripoti ya Kot Lahori haijafika mezani. Nilikutuma ukaandike mistari mitatu, nawe umeweka makao. Nakukumbusha kinachotakiwa: jiwe lile ni mabaki ya zamani, halifai kwa kazi ya serikali, na mahali pake iwekwe saa ya ukutani inayofuata saa ya reli. Saa yenyewe imekwisha kuletwa, iko kwenye nyumba ya wageni ya mfereji. Andika hivyo na urudi.

Kirpa Ram


Kot Lahori
16 Jeth 1967

Dada,

Barua hii ni ya kweli. Ile ya kwanza ilikuwa ya kusomwa.

Bhai Tahil alipanda chumbani kwangu akiwa na barua yako. Alikuwa amekwisha kuisoma mbele ya baraza zima, hata pale pa mbuzi aliyefungwa, na wamecheka sana. Alikaa kitandani, akanitazama, akasema, "Mwanangu, sikujua. Nilidhani na wewe unataka." Mimi nikaanza kulia, nasikitika kusema. Akaninyamazisha. "Kuanzia leo andika unalotaka," akasema. "Katika baraza la Sardar macho ya kusoma ni yangu. Nikifika mbele ya Sardar nitamsomea habari ya joto na jinsi unavyopenda samli."

Basi sikiliza. Mimi si mgeni hapa. Langoni analala mtu anayeitwa Gainda, amekumbatia rungu lenye kichwa cha shoka. Nikienda gurdwara watu wawili wananifuata, eti wa chini wasinidhuru. Nikisimama wanasimama. Nikikohoa, mmoja ananiuliza kama nataka maji. Wahenga walisema mgeni siku ya tatu mpe jembe. Laiti wangenipa jembe, ningetoboa ukuta.

Laddu zako zilifika. Niliitwa chini, nikakuta baraza limejaa wanaume, na wanawake wamejipanga nyuma ya pazia. Nilifungua kinywa niseme "Subirini kwanza," na Sardar akanitia tende kavu ya posa kinywani. Nyimbo zikaanza papo hapo. Unajua maana ya tende ile. Ningeitema, ningekuwa nimemtemea binti wa watu mbele ya ukoo wake. Nikaimeza na kokwa yake.

Nimezingirwa pande tatu, Dada. Sardar anataka niandike kwamba jiwe ni sahihi. Wasawa Singh, mkubwa wa mtaa wa chini, alinibana mlangoni pa gurdwara nilipokuwa navua viatu, akaninong'oneza, "Andika kwamba jiwe limeguswa na wezi. Usipoandika, usipite mashambani kwetu ukienda kwenu." Na njia ya kwetu ni hiyo moja. Lala Kirpa Ram naye anataka niandike kwamba jiwe halifai, ailete saa ya reli. Lakini saa ya reli iko mbele ya jua la huku kwa karibu nusu saa. Adhuhuri ikiletwa mapema kiasi hicho, watakaonyang'anywa maji ni mtaa wa juu, nao hawataandika malalamiko. Gainda ana rungu, na hayuko peke yake.

Usidhani nazidisha. Mwezi uliopita walipigana kwenye mlango wa maji, na kaka yake Wasawa alipoteza mkono. Pamba yao inanyauka. Wamesema watasubiri hadi Sangrand ya Harh, siku jua linapoingia mwezi mpya na kijiji kizima kinapokusanyika gurdwara. Baada ya hapo hawatakuja na maneno.

Na Sardar amewajibu. Mbele ya watu wote aliweka kiganja kwenye kizingiti cha gurdwara akaapa: "Linalosema jiwe ni neno la ua wa Guru. Atakayelipinga, awe mwanangu wa kumzaa, zamu yake ya maji itakatwa." Mtaa wa juu wote wakaapa nyuma yake, kwa sauti kubwa, kama watu wanaoapa kwamba chakula ni kitamu.

Je, jiwe linadanganya? Sijui. Niliyetumwa kulipima nimefungiwa juu ya paa bila hata saa.

Ujagar


Amritsar
19 Jeth 1967

Mdogo wangu,

Nimejipiga kofi mwenyewe. Nimewauzia damu yangu kwa kapu la laddu, tena laddu nilizosonga kwa mkono wangu.

Kimbia. Jifanye una kipindupindu. Hakuna mkarimu anayemng'ang'ania mgonjwa wa kipindupindu. Au mwandikie Sardar anachotaka, utoke, kisha ukifika huku uandike kwamba ulilazimishwa. Shemeji yako anasema tumwendee afisa mkubwa, Mwingereza, alete polisi. Nikamuuliza, polisi wakifika langoni, yule wa rungu atamshika nani kwanza? Akavua viatu, akakaa. Ndipo nami nikaogopa kwa kweli.

Najua unafikiri juu ya mtaa wa chini na mkono wa yule mtu. Usifikiri. Wewe si Guru, ni karani. Maji yalikuwapo kabla yako.

Na huyo msichana, anajua kwamba ametumiwa kama kamba ya kukufungia? Kama anajua, simsamehe. Kama hajui, namwonea huruma kuliko wewe.

Basant


Kot Lahori
27 Jeth 1967

Dada,

Anajua. Na usimchukie kabla hujamaliza kusoma.

Kwa kuwa sina la kufanya mchana, nilifanya jambo tulilofundishwa shuleni. Nilisimamisha kijiti juu ya paa langu la udongo, nikakizungushia duara kwa uzi. Asubuhi ncha ya kivuli ilipogusa duara niliweka alama, na alasiri ilipoligusa tena upande wa pili niliweka nyingine. Katikati ya alama mbili ndipo kaskazini ilipo, na kivuli kikilalia mstari huo ndiyo adhuhuri. Nilikuwa nimepiga magoti nachora mstari niliposikia sauti nyuma ya ukuta mfupi, paa la wanawake la nyumba hii hii, wanakoanika pilipili.

"Karani, unachora nini? Kaburi la panya?"

Sikugeuka. Nikasema kwa adabu kwamba natafuta kaskazini.

"Imepotea? Asubuhi ilikuwa hapo hapo."

Nikaendelea kuchora. Akasema, "Mimi ndiye Nihal. Usitazame, Bebe ana macho kisogoni. Nilitaka tu kusikia kama una sauti. Tulikutia tende ukanyamaza kama bubu. Niliogopa wameniposea picha ya ukutani."

Nilimweleza ninachofanya, naye akasubiri nami upande wake wa ukuta. Kivuli cha kijiti kililala sawasawa juu ya mstari wangu. Adhuhuri. Tukasikiliza kengele ya Bhai Tahil. Kimya. Bebe alipanda na gilasi ya mtindi, akanisimamia hadi nikaimaliza, akanisuta kwa kukonda, akashuka ngazi yote akilalamikia magoti yake. Ndipo kengele ikalia.

Kutoka hapa juu ua wa gurdwara unaonekana wote. Nilisimama nikatazama. Kibati cha jiwe hakielekei kaskazini yangu. Kinalingana sawasawa na mistari ya matofali.

"Ndiyo," akasema Nihal, sauti yake imebadilika. "Tulilinyoosha."

Kabla ya Vaisakhi, sikukuu ya mavuno, ua ulijengwa upya kwa matofali mapya, kazi ya kujitolea, kila nyumba ilitoa mikono. Wanawake walipewa kazi ya kuliondoa jiwe, kuliosha kwa maziwa na maji, na kulirudisha. Jiwe hilo tangu zamani lilikuwa limekaa mshazari kidogo, halilingani na ukuta. Bebe Raj Kaur akashika kiuno: "Miaka yote hii jiwe la ua wa Guru limekaa kama kilemba cha mlevi, na wanaume wanapita tu! Linyoosheni." Wakalinyoosha kwa upendo mkubwa. Nihal alishika pembe moja. Waliimba. Wengine walilia kwa furaha lilivyopendeza, likienda sambamba na matofali.

Hakuna mwizi, Dada. Kuna bibi kizee mpenda unadhifu.

Nikamuuliza kama baba yake anajua. "Baba anajua kwamba tangu Vaisakhi miwa yetu inakunywa vizuri," akasema. "Zaidi ya hapo hajauliza. Baba si mwizi. Ni mtu asiyeuliza."

"Nikiandika ukweli?"

"Wa chini watasema Bebe aliiba maji akajificha nyuma ya maziwa ya Guru. Watamwita hivyo hadi makaburi ya wajukuu wake... tena sisi hata makaburi hatuna, tunachomwa. Basi watamwita hivyo hadi majivu. Na wa juu watamjibu kila atakayesema. Unajua wanajibu kwa kitu gani."

"Na nikinyamaza?"

"Basi ni Wasawa na mashoka."

Nikasema hakuna njia. Nikamsikia akigeuza pilipili. Kisha akasema, "Mkwe mpya akiomba kazi ya kujitolea gurdwara, nani atamkatalia? Hata baba hawezi. Jiwe halikushikizwa kwa chokaa. Limekalia mchanga mtupu."

Ndilo tutakalofanya siku ya Sangrand. Nimeomba kuosha jiwe. Bebe alinibusu paji la uso kwa furaha, na nikatamani ardhi inimeze. Nihal atabaki juu ya paa akisema anaumwa kichwa. Kivuli cha kijiti kikilalia mstari, atatikisa ushungi wake mwekundu kana kwamba anaukung'uta pilipili, nami wakati huo huo nitalizungusha jiwe hadi kivuli chake kiguse mstari wa katikati. Adhuhuri moja kwa vivuli viwili. Watu mia wataniona mikono.

Nilimuuliza kwa nini ananisaidia kumpunguzia baba yake maji. Akasema, "Yule aliyekatwa mkono alikuwa akinibeba mabegani nilipokuwa mdogo, twende tukatazame farasi."

Usiniandikie nisifanye. Nitatii.

Ujagar


Kot Lahori
4 Harh 1967

Kwa Bibi Basant Kaur, Amritsar.

Mimi Jhanda Singh nakusalimu.

Mdogo wako aliosha jiwe siku ya Sangrand. Aliliosha sana.

Tangu siku hiyo kengele inalia mapema kuliko ilivyokuwa. Miwa yangu imelijua jambo hilo kabla yangu. Watu wa mtaa wa juu wamenijia wakanong'ona, nami nimewaambia wanyamaze, kwa kuwa niliapa kwa kiganja changu nao waliapa nyuma yangu. Linalosema jiwe ni neno la ua wa Guru. Sina la kusema, na silisemi.

Ninakuandikia kukujulisha kwamba lango liko wazi. Farasi hachechemei. Saa yake nimemrudishia, na Gainda nimempeleka shambani. Akitaka kuondoka leo, aondoke leo. Habari ya ile tende tutaihesabu kama tende iliyoliwa na mgeni, na kilemba chako tutakirudisha kikiwa kimekunjwa. Wewe ni mkubwa wake. Mwambie aende.

Jhanda Singh
(alama ya kidole gumba)

Haya ya chini ni yangu mimi Tahil Singh. Hayakusomwa kwa sauti. Jana Wasawa Singh alikuja gurdwara mchana. Alisimama mbele ya jiwe hadi kengele ikalia, akatazama mfereji wake ukijaa, akanawa miguu, akaingia akala pamoja na watu wote. Hakuuliza kitu. Nimeona vema ulijue hilo pia.


Amritsar
7 Harh 1967

Ujagar, toka!

Naandika nimesimama. Amesema lango liko wazi! Usingoje chakula, usingoje kuaga. Kilemba nitanunua kingine. Panda huyo farasi, na kama kuna farasi mwingine anayechechemea mpande huyo huyo. Wasawa hatakugusa tena. Umefanya, mdogo wangu, sijui umefanyaje wewe mwoga kuliko wote niliowahi kulea, lakini umefanya, na imekwisha. Nimepika. Shemeji yako amekwenda kukusubiri stesheni bila kujua treni ipi.

Basant


Kot Lahori
10 Harh 1967

Dada yangu,

Mwambie shemeji arudi nyumbani, stesheni kuna joto.

Nitakueleza ilivyokuwa. Uani palikuwa pamejaa, mtaa wa juu upande huu, wa chini upande ule, watoto kati. Nilikuwa na ndoo ya maziwa na maji. Bebe alisimama karibu akinielekeza: "Pembeni hapo, mwanangu, pembeni pana uchafu." Nilisugua hadi sikuwa na pa kusugua. Kivuli kilikuwa kinasogea na mimi natazama paa kwa pembe ya jicho, na niliwaza kwamba Nihal ameghairi, kwamba atamchagua baba yake, na kwamba ana haki. Kisha nikaona rangi nyekundu.

Nilipiga goti, nikaukumbatia ule mwamba kama ninayesugua ubavu wake wa mbali, nikasukuma kwa kifua. Haukwenda. Nikasukuma tena. Mchanga ulilia chini, Dada, nilidhani umesikika hadi Amritsar. Kivuli kiligusa mstari. Nikamimina ndoo yote juu yake, na maji yakafuta alama. Nilipoinuka, Bebe alikuwa analitazama jiwe, kisha matofali. Lilikuwa mshazari tena. Akaniangalia usoni. Mimi nilitazama chini, si unanijua.

"Bhai Tahil," akaita, "unasubiri nini? Kivuli kimefika. Piga kengele."

Sijui hadi leo alielewa kiasi gani.

Jioni Sardar alipanda chumbani kwangu kwa mara ya kwanza. Akakaa. Akasema, "Umekula chumvi yangu."

Nikasema, "Na samli, Sardar."

"Ulilisogeza?"

"Nililiosha. Kama wanawake walivyoliosha kabla ya Vaisakhi."

Niliona anavyolifikia jambo hatua kwa hatua: ua mpya, wanawake, mama yake ameshika kiuno. Rangi ikamtoka. "Nani mwingine anajua?" Nikasema anayejua hasemi. Akageuka akatazama ukuta mfupi, zilipoanikwa pilipili, akautazama sana. Kisha akasimama, akasema kesho lango litakuwa wazi, akashuka.

Ripoti nimeituma kwa Lala Kirpa Ram: jiwe limepimwa, ni sahihi, zamu ziendelee. Kila neno ni kweli. Amejibu kwa hasira kwamba nirudi ofisini. Nimemwomba aniache huku niwe karani wa mlango wa maji, kazi ambayo hakuna anayeitaka.

Najua unauliza nimerogwa na nini. Nami nilivaa viatu, Dada. Alfajiri iliyofuata. Nilibeba begi langu hadi langoni, farasi ametandikwa, njia nyeupe mbele yangu, na hakuna mtu. Ndipo nikaelewa kwa nini hakuna mtu. Sardar amefungwa na kiapo chake, na ufunguo wa kumfungua ni mgongo wangu. Nikionekana ninaondoka, kabla sijafika njia kuu atasema: karani amekimbia, na anayekimbia ana hatia, kumbe alilichezea jiwe la Guru, linyoosheni. Nani atambishia? Wa chini watashika mashoka hata kabla mchanga haujatulia. Lakini maadamu mkwe wake yupo, anakula kwake, analala kwake, hawezi kusema jiwe limechezewa bila kusema limechezewa na nyumba yake. Hawezi kunifukuza, kwa kuwa itabidi aseme sababu. Anachoweza ni kuacha lango wazi, na kuomba.

Na mzigo mwingine ulikuwa umesimama juu ya paa, nyuma ya ukuta mfupi: Nihal. Nilisikia sauti yake kutoka juu: "Kama unakwenda, nenda. Usisimame hapo kama mbuzi asiyejua kama mvua imekwisha."

Nikamuuliza kama anataka niende.

"Ukienda mimi ni yule aliyekimbiwa," akasema. "Ukibaki mimi ni mke wa mtu ambaye baba hatamtazama usoni hadi afe. Nimezipima zote mbili. Usiniulize mimi, jiulize wewe. Mimi sina lango."

Nilivua viatu.

Harusi ni baada ya mvua. Sardar ameitangaza mwenyewe, akitabasamu, meno yake yamebana. Bebe ameanza kushona tandiko la kitanda. Mchana kengele ikilia, mtaa wa juu wanafunga maji yao bila neno, wakinitazama. Mtaa wa chini wanafungua yao, wakinitazama. Wataniangalia hivyo kila siku ambayo jua litapita juu ya Kot Lahori, na siku nisipoonekana watatazamana wao kwa wao.

Naandika nikiwa nimekaa mbele ya lango, kwenye kigoda cha Gainda. Lango liko wazi kabisa. Mbwa wa kijiji wanaingia na kutoka wapendavyo.

Mdogo wako,
Ujagar Singh